Mgonjwa wako hawezi kuongea? Anza na haya kabla hujakimbilia kununua kifaa

Mgonjwa akishawekwa mashine ya kupumulia, au kiharusi kikimchukulia ulimi, ndugu wengi kitu cha kwanza wanachouliza ni tableti gani nzuri, programu gani, inapatikana wapi. Swali halina ubaya ila limewahi. Kabla ya kifaa chochote huyo mtu anahitaji vitu viwili, njia ya kuita mtu aje na njia ya kusema ndiyo na hapana ambayo kila anayeingia chumbani anaijua. Hivyo viwili vikiwepo hata karatasi na kalamu vinatosha kuanzia, visipokuwepo hata ile mashine ya kusoma macho ya bei mbaya itakaa pembeni ya kitanda chaji imeisha na hakuna anayeigusa.

Kwaiyo twende taratibu, vifaa nitavifikia.

Sauti imezuiwa wapi?

Uliza dokta au nesi, mana wasioongea si wote wana shida moja. Mwenye mpira wa kupumulia mdomoni, ule mpira unapita katikati ya nyuzi za sauti, nyuzi haziwezi kukutana zikatetemeka, basi. Maneno yote anayo kichwani, hayana tu pa kutokea. Mwenye tundu la shingoni hewa inaingia na kutoka chini ya nyuzi za sauti, ndo mana unaona midomo inacheza na husikii kitu. Aliyetolewa koo la sauti kwa ajili ya kansa huyo sauti yake ya zamani hairudi, anahitaji mpango wa muda mrefu sio wa wodini tu. Mwenye Guillain-Barré au ALS, magonjwa ya mishipa ya fahamu yanayolegeza misuli, mara nyingi anaelewa kila kitu, misuli ndo imegoma.

Kiharusi ndo chenye mtego. Kuna mtu kiharusi kimelegeza misuli ya mdomo na ulimi lakini lugha ipo, huyo mpe kalamu ataandika. Na kuna mtu lugha yenyewe ndo imeumia, inaitwa afasia, huyo ukimpa ubao wa herufi unamtesa bure mana kuunganisha herufi ziwe neno ndo kitu kilichoharibika. Nitarudi kwake huko chini, njia yake ni tofauti kabisa.

Alafu kabla hujaanza chochote mvalishe miwani yake. Kama anatumia kifaa cha kusikilizia hakikisha kiko sikioni na betri inafanya kazi. Inaonekana ni jambo dogo lakini vitu hivi huvuliwa siku ya dharura vikatiwa kwenye mfuko, mfuko ukaenda nyumbani na nguo, na mgonjwa anaandikwa kwenye faili kwamba hafuati maelekezo kumbe haoni unachomwonyesha. Angalia pia mkono anaoandikia uko huru au umefungwa dripu. Kama dripu inaweza kuhamishiwa mkono mwingine omba mapema, kabla haijawekwa, sio baada.

Kengele kwanza

Kengele ya kitandani ndo kifaa cha kwanza cha mawasiliano na watu hawaihesabu. Zile za kawaida zinataka kidole chenye nguvu, na mtu aliyelala ICU muda mrefu misuli inayeyuka, anaweza kushindwa hata kubonyeza rimoti. Zipo kengele za pedi pana ambazo anaigusa kidogo tu kwa kiganja au kwa shavu inalia, nyingine zinawashwa kwa kupuliza kwenye mrija ingawa hizo hazimfai mwenye mpira mdomoni. Uliza kama wodi inazo. Kama hazipo tafuta kitu chochote kinachotoa mlio kwa mguso mdogo, hata kikengele kilichofungwa mahali anapoweza kukisukuma kwa kidole cha mguu.

Ukishaiweka simama mlangoni umwambie aite. Asipoweza, hiyo sio kengele, ni pambo. Na kila akigeuzwa kitandani angalia kengele imebaki wapi, mana wakimlaza ubavu wa kushoto kengele inabaki imening'inia upande wa kulia na hapo mtu anaweza kukaa usiku mzima hana pa kuitia.

Kingine kwenye wodi zenye spika ya kitandani, mgonjwa anabonyeza, nesi anajibu kutoka dawati, "Ndiyo, unasemaje?" Kimya. "Haloo?" Kimya. Anazima. Waambie waandike palepale dawatini kwamba kitanda hiki mgonjwa hana sauti, akiita aje mtu.

Ndiyo na hapana

Usimchagulie ishara, mwangalie kwanza ni kitu gani anakifanya kirahisi na kwa kurudia bila kuchoka. Kidole gumba juu na ngumi ni nzuri kama mkono unafanya kazi. Kutikisa kichwa ni sawa ila mwenye mpira mdomoni au tundu bichi shingoni kutikisa kunamvuta na kunamuuma. Kama kilichobaki ni macho, kutazama juu iwe ndiyo na kutazama chini iwe hapana, hii mimi ndo naipenda kuliko zote kwa mgonjwa dhaifu.

Kupepesa usikupende sana. Mtu wa kawaida anapepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika bila hata kujua, sa utajuaje hii ni ndiyo au ni jicho tu limejisafisha? Kama hakuna njia nyingine basi iwe kufumba kwa muda, afumbe mpaka uhesabu mbili. Na ile "nibane mkono kama unanisikia" ambayo kila mtu anaifanya, ujue kiganja cha mgonjwa wa ubongo kinaweza kujifunga chenyewe kikiguswa, haina maana kaelewa. Mwambie abane, kisha mwambie aachie. Kuachia kwa kuambiwa ndo kunakupa habari.

Hapana nayo iwe na ishara yake. Watu wengi wanaweka ishara ya ndiyo peke yake wanasema akinyamaza ni hapana, kumbe akinyamaza inaweza kuwa kalala, kachoka, hajasikia, au swali halina jibu. Ukiweza weka na ya tatu, "sio hivyo ninavyotaka kusema", utashukuru baadae.

Alafu ijaribu. Muulize vitu ambavyo jibu unalijua, na uchanganye za ndiyo na za hapana, usiulize zote za ndiyo mana mtu aliyesinzia anaweza kukupa ndiyo kumi mfululizo ukafurahi. Tuko hospitali? Tuko shambani? Mimi ni mwanao? Mimi ni dokta? Akikosea nusu usiseme akili imeondoka, pengine dawa ya usingizi imetoka kuingia muda si mrefu, rudi baada ya saa moja au mbili ujaribu tena. Wagonjwa wa ICU akili inapanda na kushuka siku hiyohiyo, asubuhi anakuelewa vizuri jioni anakutazama kama hakujui.

Kuuliza

Hapa ndo ndugu tunapoharibu. Swali moja kwa wakati mmoja. "Unaumwa au unataka kugeuzwa au nikupunguzie shuka?" halafu mtu anainua macho juu, sasa ndiyo ipi? Na epuka maswali ya kukanusha, "huumwi?" akijibu ndiyo kwa Kiswahili chetu anaweza kuwa amesema ndiyo siumwi au ndiyo naumwa, hapo mtabishana na mtu asiyeweza kubisha. Uliza wazi tu, "unaumwa?"

Kama hujui anataka nini anza na pana ushuke. Swali la kwanza kabisa ni "ni la haraka?" mana kama hapumui vizuri au ana makohozi yamejaa kwenye mpira hamna muda wa michezo, mwite nesi. Kama sio la haraka, ni kuhusu mwili wako? Ni kitu kilichopo humu chumbani? Ni kuhusu mtu? Ni jambo la nyumbani? Unataka kuniuliza kitu? Ukipata kundi shuka ndani yake polepole. Kila swali mpe muda, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujarudia, mgonjwa dhaifu anasikia, anafikiri, alafu anautafuta mwili umtii, na wewe ukiwa umeshauliza la pili jibu lake la kwanza linaangukia kwenye swali la pili.

Na usijifanye umeelewa. Wanajua. Mwambie "sijaelewa mzee wangu, tuanze tena", au "mama naona umechoka, tuliache hili nitalirudia jioni", na jioni urudi kweli. Kama alikuwa katikati ya neno andika ulipofikia.

Ubao wa herufi

Kwa asiyeongea ila anajua kusoma hiki ndo kifaa chenye uwezo kuliko vyote, mana picha zinasema yale uliyoyafikiria wewe, herufi zinasema chochote alichofikiria yeye. Usitumie ule mpangilio wa kibodi ya simu, weka kila mstari uanze na irabu ili mgonjwa ajue herufi yake iko wapi bila kutafuta:

A B C D
E F G H
I J K L M N
O P R S T
U V W Y Z

Ziko 24, Q na X hatuna kazi nazo, na C iwe ndo CH. Chini ongeza mstari wa namba 0 mpaka 9 na mstari wa FUTA, NENO JIPYA, NIMEMALIZA. Andika kubwa zisomeke kutoka mita moja, nyeusi kwenye nyeupe, alafu ipigwe lamineti ili iweze kufutwa na dawa ya kuua vijidudu, karatasi tupu wodini haidumu siku mbili na inabeba uchafu.

Akiweza kunyoosha kidole anaonyesha mwenyewe. Asipoweza unamsomea wewe, "mstari wa A? wa E? wa I?" akitoa ishara ya ndiyo unaingia kwenye huo mstari, "I, J, K, L, M" anakusimamisha tena. Herufi unaiandika hapohapo, usitegemee kichwa, ukifika ya sita utakuwa umesahau ya pili.

Mfano, umepata M, mstari wa tatu. Kisha G, mstari wa pili. Hapo kila mtu chumbani anapiga kelele "mgongo! mgongo unamuuma!" na tayari mmoja anaenda kuita nesi. Tulia. Uliza, "ni mgongo?" Macho chini, hapana. Endelea. Inakuja U. "Mguu?" Juu. Haya, mguu, wa kushoto? Chini. Wa kulia? Juu. Unauma? Chini. Umekufa ganzi? Chini. Unataka usogezwe? Juu. Kumbe mguu umelaliwa na mpira wa mkojo. Kubahatisha kunaokoa muda na mgonjwa mwenyewe mara nyingi anakutaka ubahatishe, ila ni mpaka yeye athibitishe, na ukikosea mara mbili acha kubahatisha muache amalize neno lake.

Stephen Hawking mwenyewe, yule mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa na ALS, alianzia hapahapa. Mwaka 1985 nimonia ilimkalisha hospitali mpaka akatobolewa koo, sauti ikaondoka, na mwanzoni alikuwa anaonyeshwa kadi ya herufi mtu anapita nayo herufi moja moja na yeye anainua nyusi ikifika aliyoitaka. Kompyuta yenye sauti ile maarufu ilikuja baadae, kwanza akibonyeza kwa mkono, mkono ulipoisha nguvu wakamwekea kihisi kwenye miwani kilichokuwa kinasoma msuli wa shavu.

Kwa mwenye macho tu kuna ubao mwingine wa plastiki ngumu inayoonyesha upande wa pili kama kioo cha dirisha, ukubwa kama karatasi mbili za kawaida zikiwekwa pamoja, unakatwa tundu katikati. Herufi zetu 24 zinagawanyika vizuri makundi 6 ya nne nne, ABCD, EFGH, IJKL, MNOP, RSTU, VWYZ, unayabandika kuzunguka pembeni, matatu juu matatu chini. Ndani ya kila kundi herufi ya kwanza nyekundu, ya pili bluu, ya tatu kijani, ya nne nyeusi, na kwenye kila kona ya ubao unaweka doa la rangi moja kati ya hizo nne. Unaushika katikati yenu mkitazamana. Akitaka K anatazama kundi la IJKL, anarudisha macho kwako, alafu anatazama doa la kijani. Unaisoma ile herufi kwa macho yake kupitia plastiki. Bandika herufi pande zote mbili ili na wewe usizisome kinyumenyume. Mwanzoni mtachekana, ila mkishazoea mnaenda haraka kuliko tableti nyingi.

Ubao wa picha na maneno

Huu kila mtu anaujua ila mara nyingi unatengenezwa vibaya, umejaa picha za chakula na choo basi, kana kwamba mtu akiugua anabaki tumbo tu. Weka maumivu, siwezi kupumua vizuri, nivutwe makohozi, nina kiu, nigeuzwe, nimesikia baridi, nimesikia joto, choo, zima taa. Lakini weka pia: Nini kinaendelea? Nitatolewa lini huu mpira? Naogopa. Mwite mtu fulani (na picha za sura za watu wake, sio majina tu). Kaa na mimi. Niacheni nilale. Nimechoka kuulizwa. Na lazima kiwepo kisanduku cha "sio chochote hapa", bila hicho mgonjwa mwenye jambo jipya anaishia kuonyesha choo kwa sababu ndo kilicho karibu.

Andika kwa nafsi ya kwanza, "nina kiu" sio "kiu". Nane hadi kumi na mbili kwa ukurasa zinatosha. Nyuma chora mwili, mbele na mgongo, aonyeshe panapouma, na pembeni mstari wa 0 mpaka 10 wa ukali wa maumivu. Picha za bure zipo ARASAAC, ni mradi wa serikali ya Aragón kule Hispania, michoro maelfu na inaruhusiwa kutumika bila malipo ilimradi sio ya biashara.

Kuandika, na kusoma midomo

Akiweza kuandika mpe makapeni sio kalamu ya wino mgumu, makapeni haihitaji kukandamizwa. Ubao mdogo mweupe ni mzuri, uinue wewe uuweke kwenye usawa wa macho yake, mtu aliyelala chali hawezi kuona anachoandika kifuani. Maandishi yatakuwa mabaya, herufi zinapandana, usimpokonye kalamu katikati ya neno kwa sababu unadhani umeshaelewa. Na futa kabla wageni hawajaingia, humo kuna mambo yake ya siri.

Kusoma midomo kunawezekana kwa mwenye tundu la shingoni ila kunadanganya sana, maneno kama "baba" na "mama" midomoni yanafanana. Mwambie aseme neno moja tu, polepole, urudie kwa sauti akuthibitishie.

Simu na tableti

Sawa, sasa tumefika. Simu uliyonayo inaweza kazi nyingi kabla hujanunua kitu. Njia rahisi kuliko zote ni programu ya kuandika ikasoma kwa sauti, na hapo angalia kwanza sauti ya Kiswahili ipo. Kwenye Android sauti za Google zina Kiswahili, unaiwasha kwenye mipangilio ya kusoma maandishi. Ukiacha sauti ya Kiingereza isome "naomba maji" mtacheka wote ila mgonjwa ataacha kuitumia. Kwenye iPhone kuanzia iOS 17 ya mwaka 2023 kuna kipengele kinaitwa Live Speech, unaandika inasoma na unaweza kuhifadhi sentensi za kila siku.

Kama mikono haifanyi kazi, Google walitoa Look to Speak mwaka 2020 kwa ajili ya Android, ni bure, simu inawekwa mbele ya uso na mgonjwa anachagua sentensi kwa kutazama kushoto, kulia au juu. Sentensi unaweza kuandika zako. iOS 18 ya 2024 nayo imeleta kuongoza skrini kwa macho kwa kamera ya mbele. Usitegemee usahihi wa ajabu, ila kwa kitu ambacho hakikugharimu chochote zaidi ya simu, jaribu.

Vifaa maalumu vya macho kama vya Tobii Dynavox vinatumia mwanga wa infraredi, vinaisoma mboni iko wapi, na ni vizuri kweli kwa mtu atakayekaa bila sauti miezi au miaka. Kwa mtu wa mpira wa siku nne ICU ni kazi bure. Vinataka kupangwa na macho ya mhusika, viwe kama sentimita 60 kutoka usoni, na vinasumbuka na jua la dirishani, kope zilizolegea, miwani inayong'aa, mgonjwa aliyelala chali kabisa. Kwa asiye na macho imara kuna swichi, skrini inaangaza kisanduku kimoja kimoja na yeye anabonyeza ikifika anachotaka, na swichi inaweza kuwekwa popote penye msuli unaotii, kidole, goti, paji la uso. Tafuta kwanza huo msuli ndo utafute mashine. Na omba kuazima kabla ya kununua, mtaalamu wa tiba ya matamshi akiwepo muulize yeye, wengi wana vifaa vya majaribio.

Mambo ya wodini yanayosahaulika: kifaa kinahitaji stendi ya kukishikilia iliyofungwa imara kitandani, usikilaze kifuani kwa mtu mwenye mashine ya kupumulia. Waya wa chaja usipite kwenye mipira yake. Funika na plastiki inayofutika, kifute kila kikiguswa. Ifunge skrini ibaki kwenye programu moja mana kidole kinachotetemeka kitafungua kila kitu na kupigia watu simu. Na sauti iwe juu, mashine za ICU zina kelele.

Vali ya kuongelea na vifaa vya shingoni

Mwenye tundu la shingoni anaweza kuwekewa vali ndogo inayoruhusu hewa kuingia kwa kupitia shingoni ila haiirudishi hukohuko, hewa inalazimika kupanda juu ipite kwenye nyuzi za sauti, mtu anaongea. Maarufu zaidi ni ya Passy-Muir, na David Muir aliyeibuni alikuwa mwenyewe mgonjwa wa misuli anayetumia mashine ya kupumulia. Lakini nisikilize vizuri hapa, hii haibandikwi na ndugu. Mipira mingi ya shingoni ina kiputo cha hewa kinachoziba njia ya hewa kuzunguka mpira, na kiputo kikiwa kimejazwa huku vali imewekwa mgonjwa anavuta hewa hawezi kuitoa. Anaweza kufa mbele yako. Ni dokta, nesi au mtaalamu aliyefundishwa ndo anatoa hewa kwenye kiputo kwanza, anaweka vali na kukaa naye kuangalia. Kazi yako wewe ni kuuliza, "anafaa kwa vali?" na kuuliza tena wiki ijayo wakisema bado.

Kwa waliotolewa koo la sauti kuna kifaa cha kutetemesha, kinashikwa shingoni au shavuni kikatetemesha hewa ya mdomoni na midomo inatengeneza maneno, sauti inatoka kama ya roboti ila inaeleweka. Siku za mwanzo shingo ikiwa bado imevimba na nyuzi za mshono zipo, kuna kimrija kinachopeleka mtetemo ndani ya mdomo badala ya kukandamiza shingo.

Mwenye afasia

Huyu usimpigie kelele, sio kiziwi. Usimsemee kitoto pia. Ongea sentensi fupi kwa lugha aliyokulia, ambayo inaweza isiwe Kiswahili, zima redio na tivii, na maneno yako yasindikize na kitu, onyesha kikombe unapotaja maji. Mwandikie machaguo mawili au matatu kwa neno moja moja makubwa, CHAI, MAJI, UJI, yeye anyooshe. Ndiyo na hapana zake zinaweza kupishana, mdomo au kichwa kinasema ndiyo na moyo unasema hapana, kwaiyo kila jibu lenye uzito ligeuze uulize upande wa pili, "unataka mwanao alale hapa leo?" kisha "unataka aende?" Akijibu ndiyo kote bado hujapata jibu. Kalenda, ramani, picha za familia kwenye simu, vyote ni vifaa. Na mpe muda, muda, muda, mana neno linakuja ukishakata tamaa.

Bandika ukutani

Manesi wanabadilishana zamu, kila ulichojifunza leo kinaondoka na nesi wa mchana. Andika karatasi moja ikae juu ya kichwa cha kitanda, maneno machache tu. "Ninasikia na ninaelewa. Ndiyo = natazama juu. Hapana = natazama chini. Nahitaji miwani. Ubao wangu uko upande wa kulia. Tafadhali niulize mimi." Hiyo ya mwisho ni kwa sababu dokta akiingia atakugeukia wewe akuulize baba ameamkaje. Mwambie, kwa heshima tu, "dokta, anakujibu mwenyewe, ni juu na chini." Hasa ikiwa ni suala la kukubali upasuaji au kukataa, jibu litoke kwake kama akili ipo.

Kama bado sauti ipo

Mgonjwa anayejua kwamba wiki ijayo anafanyiwa upasuaji utakaoondoa sauti, au ana ugonjwa unaoila polepole, arekodi sasa. Hospitali ya watoto ya Boston, Boston Children's, wamefanya hivyo kwa watoto wanaoenda kwenye upasuaji, mtoto anarekodi mwenyewe sentensi zake kabla, zinawekwa kwenye kifaa, akiamka ICU anabonyeza inatoka sauti yake. Simu inatosha kabisa. Arekodi vya lazima, "naumwa", "nigeuze", alafu arekodi na vya kwake, anavyowaita wanae, matani yake, vile anavyokukaripia. Kila sentensi faili lake, jina linaloeleweka, chumba kimya. Na hapohapo mchague naye ishara ya ndiyo na hapana na mfanye mazoezi ya ubao, mana kumfundisha mtu ubao wa herufi akiwa amepigwa dawa za usingizi ni shughuli nzito.

Mpira ukitolewa usitupe ubao siku hiyohiyo. Koo linakuwa limevimba, sauti inatoka ya kukwaruza au haitoki, na kuongea kunamchosha, aendelee kuandika pale anapochoka. Asinong'one kwa kulazimisha. Sauti ikibaki ya kukwaruza zaidi ya wiki moja hivi, au akipaliwa akinywa maji, mwambie dokta nyuzi za sauti zikaangaliwe.